Kichupa Kwenye Kabati la Mark McGwire: Nani Alipaswa Kujibu?

Agosti 1998, katika chumba cha wachezaji wa St. Louis Cardinals, timu ya besiboli ya Marekani, waandishi wa habari walikuwa wamelizunguka kabati la Mark McGwire wakimsubiri aje azungumze nao. Kiangazi kile chote ndivyo ilivyokuwa. Mmoja wao, Steve Wilstein wa shirika la Associated Press, alitupa jicho kwenye rafu ya juu akaona kichupa chenye jina refu: androstenedioni. Hakukigusa. Aliliandika jina hilo kwenye daftari lake, kisha akaenda kuwauliza wataalamu ni kitu gani.

Kichupa hakikuwa kimefichwa, na hilo ndilo jambo la kwanza la kushika katika kisa hiki. Kilikaa mahali ambapo kocha anapita, wahudumu wa timu wanapita, na kundi zima la waandishi linasimama kila baada ya mechi. Wote walikuwa na macho. Aliyeuliza ni mmoja.

Kwa asiyefuatilia besiboli, maelezo mafupi yatatosha. Mmoja anarusha mpira, mwingine anajaribu kuupiga kwa gongo, na mpira ukivuka uzio wa mwisho wa uwanja bila kugusa chini, hiyo ni homurani. Mwaka 1927 Babe Ruth alipiga homurani 60 katika msimu mmoja. Mwaka 1961 Roger Maris akapiga 61. Rekodi hiyo ilikaa miaka 37, na 1998 wakaja wawili kwa pamoja kuivunja: McGwire wa Cardinals na Sammy Sosa wa Chicago Cubs, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika. Tarehe 8 Septemba McGwire alipiga ya 62, tena mbele ya Cubs hao hao, akaenda jukwaani kuwakumbatia watoto wa marehemu Maris. Alimaliza msimu na 70. Sosa alimaliza na 66.

Makala ya Wilstein ilitoka katikati ya mbio hizo, kabla rekodi haijavunjwa. McGwire hakukana. Alisema anaitumia andro (kifupi cha androstenedioni), kwamba ni halali, na kwamba kila anayemfahamu katika mchezo huo anatumia vitu vile vile. Ukweli wa andro ulikuwa upande wake. Ukweli wa mengine aliyokuwa akiyatumia ulingoja hadi Januari 2010, alipokiri kwamba alitumia steroidi, dawa za kujenga misuli, kwa nyakati tofauti katika miaka ya 1990, ukiwemo msimu ule wa 1998.

Swali ninalolichambua hapa si kama alikosea. Alikosea. Swali ni hili: katika kisa ambacho karibu kila mhusika aliweza kusema "mimi sikuhusika", mzigo unagawanywaje?

Kitu halali, na mwenzake aliyefungiwa

Andro yenyewe si dawa ya kujenga misuli moja kwa moja. Ni malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa testosteroni, homoni ya kiume inayojenga misuli. Ujerumani Mashariki iliwahi kuwapa wanamichezo wake. Nchini Marekani iliingizwa sokoni mwaka 1996 na Patrick Arnold, mkemia wa Illinois, na iliuzwa kama vitamini zinavyouzwa, bila cheti cha daktari.

Uhalali huo ulitoka bungeni. Sheria ya virutubisho ya mwaka 1994, ambayo Seneta Orrin Hatch wa Utah aliisukuma kwa nguvu, iliwaondolea watengenezaji wajibu wa kuithibitishia mamlaka ya chakula na dawa kwamba bidhaa yao ni salama kabla ya kuiuza. Ukikiita kitu chako kirutubisho, unakiweka dukani. Serikali ndiyo itakayohangaika baadaye kuthibitisha kwamba kinadhuru. Ilihangaika hadi 2004 ndipo andro ikaondolewa madukani. Arnold huyo huyo alikuja kutengeneza THG, steroidi iliyobuniwa makusudi ili vipimo visiione, ambayo ilisambazwa na kampuni ya BALCO ya California mpaka maofisa wa serikali walipoivamia Septemba 2003. Namtaja kwa sababu katika mijadala ya nani alaumiwe, mkemia huwa hatajwi, na wabunge huwa wanakaa upande wa waulizaji.

Sasa tazama jambo lililotokea kiangazi hicho hicho. Julai 1998 ilitangazwa kwamba Randy Barnes, Mmarekani, bingwa wa Olimpiki wa kurusha tufe wa 1996, amekutwa na andro mwilini. Kwa kuwa lilikuwa kosa lake la pili, alifungiwa maisha. Kamati ya Olimpiki iliipiga marufuku andro. Ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani iliipiga marufuku. Michezo ya vyuo vikuu vya Marekani iliipiga marufuku. Besiboli ya kulipwa haikuwa na katazo lolote juu yake. Basi kitu kile kile, katika nchi ile ile, kilimfukuza mtu mmoja kwenye uwanja wa riadha na kumwacha mwingine ashangiliwe na taifa.

Msomaji wa Kenya anaujua vizuri upande wa Barnes. Riadha ina kanuni moja kali: kilichokutwa mwilini mwako ni chako, nani alikupa ni hoja ya baadaye. Rita Jeptoo, mshindi wa marathoni za Boston na Chicago, alikutana na kanuni hiyo alipopimwa 2014 na kukutwa na EPO, dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu. Unaweza kuilalamikia kwamba inamwacha mkimbiaji peke yake huku waliomzunguka wakitoweka, na mimi ni miongoni mwa wanaolalamika. Lakini kanuni hiyo angalau inajulikana mapema na inamhusu kila mtu. Kwenye besiboli ya 1998 hakukuwa na kanuni ya kuvunja kuhusu andro, na kuhusu steroidi zenyewe kulikuwa na katazo lisilo na kipimo.

Katazo hilo lina historia fupi. Bunge lilipoziingiza steroidi kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa kisheria, kamishna wa besiboli wa wakati huo, Fay Vincent, aliziandikia klabu waraka Juni 1991 akisema matumizi ya steroidi bila cheti cha daktari hayaruhusiwi kwenye besiboli. Waraka ulikuwa sahihi kabisa, na haukuwa na meno hata moja. Kumpima mchezaji ni sharti la kazi, na chini ya sheria za kazi za Marekani sharti la namna hiyo lazima lijadiliwe na chama cha wafanyakazi. Vincent hakuwa amelijadili na chama cha wachezaji. Mwaka uliofuata wamiliki wa timu walimlazimisha ajiuzulu, na nafasi yake ikakaimiwa na mmoja wao, Bud Selig, mmiliki wa Milwaukee Brewers. Tafakari hilo kidogo: mwajiri mmoja kati ya waajiri akakaa kwenye kiti cha mlinzi wa mchezo, akakaa hapo kwa kukaimu miaka sita, kisha Julai 1998, mwezi mmoja tu kabla ya kichupa kuonekana, akathibitishwa rasmi.

Walivyojibu

Klabu ya Cardinals ilitoa taarifa ikisema andro haina athari iliyothibitishwa ya kujenga misuli wala madhara makubwa. Kocha Tony La Russa, aliyekuwa na McGwire tangu timu ya Oakland, alimkasirikia mwandishi badala ya kichupa. Alisema faragha ya mchezaji wake imevunjwa, akataka shirika zima la Associated Press lizuiwe kuingia chumba cha wachezaji. Waandishi wenzake Wilstein nao hawakumwonea huruma. Wapo waliomshambulia kwenye safu zao kwamba anachungulia makabati ya watu na kuharibu hadithi nzuri. Kamishna na chama cha wachezaji walikubaliana jambo moja: wakafadhili utafiti. Watafiti wa Harvard walifanya kazi yao, na Februari 2000 matokeo yakachapishwa kwamba miligramu 300 za andro kwa siku zinapandisha testosteroni. Besiboli iliyasoma matokeo hayo na kuendelea kuiruhusu andro hadi serikali ilipoiondoa sokoni miaka minne baadaye.

Mtu aliyewahi kufanya kazi ofisini anaijua mbinu hii. Tume, utafiti, kamati ndogo. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kwa nini hakuna aliyetaka kombe lifunuliwe? Turudi nyuma miaka minne. Agosti 1994 wachezaji waligoma, kwa sababu wamiliki walitaka kuweka kikomo cha mishahara. Mgomo ulidumu hadi Aprili 1995 na ukaifuta fainali ya 1994, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1904. Mashabiki walikasirika. Michezo iliporudi 1995, wastani wa watu viwanjani ulishuka kwa karibu asilimia 20. Klabu zilizozoea kujaza viwanja zilicheza mbele ya viti vitupu, na mashabiki waliokuja walizomea pande zote mbili.

Homurani ndizo zilizowarudisha. Mwaka 1997 Cardinals waliuza tiketi zipatazo milioni 2.6, mwaka 1998 zikafika karibu milioni 3.2. Watu walikuja mapema kumwona McGwire akifanya mazoezi tu ya kupiga. Ukiwa mmiliki, ukiwa kamishna aliyefuta fainali ya 1994 kwa kinywa chako mwenyewe, halafu mtu mwenye mikono minene kama magogo anakujazia uwanja, hamu ya kumuuliza kilichomnenepesha inatoka wapi? Wala sidhani palikuwa na kikao cha siri cha kukubaliana kunyamaza. Hakikuhitajika. Kila mtu alikuwa na sababu yake ya kunyamaza na sababu zote zikaelekea upande mmoja.

Chama kilimtetea nani

Hapa ndipo mimi naachana na uchambuzi mwingi niliousoma, ambao humalizia kwa wamiliki walafi na mchezaji mwongo. Sehemu ninayoiona nzito zaidi ni ya chama cha wachezaji.

Niwatendee haki kwanza. Chama hicho, chini ya Donald Fehr, hakikupinga upimaji kwa sababu kilipenda sindano. Kilikuwa na sababu za kweli za kutowaamini waajiri. Katikati ya miaka ya 1980 wamiliki walikula njama ya kutosajili wachezaji huru wa timu nyingine ili mishahara isipande. Waamuzi wa migogoro wakawatia hatiani, na mwaka 1990 walikubali kulipa dola milioni 280. Mtu aliyekuibia hivyo akija kukuomba mkojo wako akisema ni kwa faida yako, una haki ya kumtazama mara mbili. Chama kilisema kumpima mfanyakazi ambaye hakuna anayemshuku ni kuvunja faragha yake. Hoja hiyo ina uzito, na wanachama wa vyama vya wafanyakazi popote pale wangeielewa. Tena wamiliki wenyewe hawakuisukuma ajenda kwa dhati: mwaka 1994 waliweka steroidi kwenye mapendekezo yao ya mkataba wa hali bora, kisha nguvu zao zote zikaenda kwenye mishahara.

Kuna ushahidi mdogo unaonionyesha hali halisi ya mgawanyo wa nguvu. Mwaka 2001 Selig alianzisha upimaji kwenye ligi za chini, zile za vijana wanaopanda mabasi usiku kucha na kulipwa ujira mdogo. Aliuanzisha kwa amri yake tu. Vijana hao hawakuwa wanachama wa chama, kwa hiyo hakukuwa na wa kujadiliana naye. Kwa maneno mengine, uwezo wa kupima ulikuwepo, maabara zilikuwepo, nia ya kupima ilipatikana pale ambapo hakuna wa kubisha na hakuna tiketi za kuuza kwa jina la anayepimwa.

Lakini chama kilikuwa na wanachama wa aina mbili, na kilisikia sauti ya aina moja. Desemba 1998, miezi michache baada ya homurani ya 70, bodi ya chama ilikutana. Rick Helling, mrusha mpira wa Texas Rangers aliyekuwa mwakilishi wa wachezaji wa timu yake, alisimama akasema steroidi zimekuwa tatizo kubwa, zinasambaa, na wachezaji wasiotaka kuzitumia wanajiona wanalazimika kuzitumia ili wasipoteze kazi. Hakuwa mwandishi wala mbunge. Alikuwa mwanachama, anazungumza ndani ya kikao chake. Miaka iliyofuata alirudia tena na tena. Hakuna kilichofanyika.

Fikiria alichokuwa akikieleza. Timu ya ligi kuu wakati huo ilikuwa na nafasi 25. Aliye wa kwanza hadi wa kumi ana kipaji cha kumtosha. Anayepigania nafasi ya 24 na ya 25 ndiye anayepimwa kwa uzi mwembamba: akiongeza kasi kidogo ya mpira, akipona jeraha wiki mbili mapema kuliko mwenzake, anabaki; asipofanya hivyo anarudishwa ligi ya chini, na pengo la mshahara kati ya ngazi hizo mbili ni kubwa mno. Mchezaji huyo akikataa sindano na jirani yake akikubali, aliyekataa ndiye anayefungasha mizigo. Hana jina, kwa hiyo hakuna makala inayoandikwa juu yake. Ada ya chama alikuwa akilipa kama McGwire alivyokuwa akilipa. Faragha iliyolindwa ilikuwa ya jirani yake. Gharama ya kuilinda aliilipa yeye kwa kazi yake.

Chama cha wafanyakazi kinachokataa helmeti migodini kwa kuwa wachimbaji maarufu hawazipendi kingeitwaje? Ndiyo maana nasema wamiliki walifanya kile ambacho wamiliki hufanya, wakafuata fedha. Chama kilifanya kinyume cha kazi yake.

Na wanachama walikuja kukionyesha. Baada ya Ken Caminiti, mchezaji bora wa ligi ya National wa 1996, kukiri hadharani katikati ya 2002 kwamba alitumia steroidi, na Seneti kuanza kuuliza, mkataba mpya uliosainiwa mwaka huo uliweka upimaji wa majaribio kwa msimu wa 2003. Majina hayatatajwa, na hakuna wa kuadhibiwa. Sharti lilikuwa hili: zaidi ya asilimia 5 wakikutwa na dawa, basi upimaji wa lazima unaanza 2004. Kukataa kupimwa kulihesabiwa kama kukutwa na dawa. Machi 2003 wachezaji 16 wa Chicago White Sox wakafikiria kukataa kwa pamoja, si kwa kuwa walikuwa na cha kuficha, ila ili kuisukuma asilimia ivuke 5 na upimaji uje. Mwishowe walipimwa. Asilimia ilivuka yenyewe. Ilitangazwa Novemba kwamba waliokutwa na dawa ni kati ya asilimia 5 na 7, na hao walikuwa wamejua kwamba msimu ule watapimwa.

Hukumu zilivyogawanywa

Machi 17, 2005 McGwire aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Aliulizwa kuhusu steroidi, akajibu kwa namna moja kila mara: hakuja kuzungumzia yaliyopita. Aliingia shujaa, akatoka kichekesho. Kando yake alikaa Rafael Palmeiro, aliyenyoosha kidole na kusema hajawahi kutumia steroidi kamwe. Agosti mwaka huo huo akasimamishwa kwa kukutwa na steroidi iitwayo stanozololi. Wabunge walifoka sana siku ile. Sikumbuki hata mmoja akifoka juu ya sheria ya virutubisho ya 1994, na baadhi yao walikuwa bungeni ilipopita.

Adhabu zilipanda haraka baada ya hapo. Mwanzoni mwa 2005 kosa la kwanza lilikuwa siku 10. Kabla mwaka haujaisha zikawa mechi 50, kisha 100, kisha maisha. Mwaka 2014 kosa la kwanza likawa mechi 80. Kumbe lile lililosemwa miaka kumi kwamba haliwezekani kujadiliwa lilijadiliwa katika miezi kadhaa, mara wabunge walipotishia kutunga sheria wenyewe.

Desemba 2007 seneta wa zamani George Mitchell, aliyeteuliwa na Selig kuchunguza, alitoa ripoti yake ya kurasa 409. Ilitaja wachezaji 89. Ilisema pia kwamba wote waliohusika na besiboli kwa miongo miwili, makamishna, viongozi wa klabu, chama na wachezaji, wana sehemu fulani ya lawama. Sentensi hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Ukisema wote wanahusika "kwa kiasi fulani" bila kutaja kiasi, halafu ukachapisha majina 89 ya upande mmoja, kila msomaji ameshajua nani atabeba. Ndani ya ripoti hiyo hiyo kuna kumbukumbu za kikao cha viongozi wa Los Angeles Dodgers cha 2003 wakimjadili mdakaji wao: inaonekana steroidi ameacha, huenda huu ni wakati mzuri wa kumuuza. Wakubwa wa klabu walizihesabu dawa kwenye bei ya mtu kama mfanyabiashara anavyohesabu kilomita za gari kuukuu, na hakuna aliyepiga simu kwa kamishna. Hao hawamo kwenye orodha ya 89.

Waandishi nao walipata zamu yao. Wao ndio hupiga kura za kuwaingiza wachezaji kwenye Jumba la Heshima la besiboli huko Cooperstown, na mtu anahitaji asilimia 75. McGwire, mwenye homurani 583, alipata asilimia 23.5 mwaka wake wa kwanza, 2007, na miaka kumi ilipokwisha alikuwa ameshuka hadi 12.3. Jimbo la Missouri, lililoipa sehemu ya barabara kuu ya St. Louis jina lake mwaka 1999, liliamua 2010 kuifuta na kuipa jina la Mark Twain. La Russa aliingia kwenye Jumba la Heshima 2014. Selig aliingia 2017, akipigiwa kura na jopo maalum. Sosa, ambaye hakuwahi kusimamishwa kwa dawa, alitoa taarifa Desemba 2024 akikiri makosa bila kutaja dawa yoyote, na klabu yake ya zamani ikamfungulia mlango.

Kura zile za waandishi zinanipa shida. Kumnyima McGwire heshima kwa rekodi iliyochafuka kuna mantiki. Lakini baadhi ya waliomnyima walikuwa kwenye chumba kile cha Agosti 1998, wamesimama mbele ya rafu ile ile, na walimwadhibu bila kujiandikia hata aya moja ya kujishtaki wenyewe.

Basi mgawanyo wangu. Wajibu ninaupima kwa mambo mawili: ulijua nini, na ulikuwa na uwezo gani wa kubadilisha siku ile. Kwa kipimo hicho chama cha wachezaji na wamiliki wanasimama juu, chama kwa kuwa kiliambiwa ana kwa ana na mwanachama wake, wamiliki kwa kuwa walijua na wakapanga bei. Selig anabeba zaidi ya wamiliki wenzake kwa sababu alikubali kiti. Makocha wanafuata, La Russa alikuwa na McGwire karibu maisha yake yote ya ligi kuu na hatari aliyoiona siku ile ilikuwa mwandishi. Bunge lina sehemu yake isiyolipwa. Mashabiki nawasamehe, labda kwa upendeleo: waliuziwa maonyesho na hawakuwa na ufunguo wa chumba.

McGwire mwenyewe ana sehemu ambayo hawezi kumkabidhi mtu. Hakulazimishwa na njaa ya mchezaji wa nafasi ya 25. Alikuwa nyota aliyelipwa vizuri tangu ujana. Alijua steroidi ni kosa la jinai bila cheti. Alipokiri 2010 alisema alizitumia ili apone majeraha, akampigia simu mjane wa Maris kumwomba radhi, na katika mahojiano hayo hayo akashikilia kwamba hazikumsaidia kupiga homurani hata moja. Kama ni hivyo, radhi kwa mjane ilikuwa ya nini?

Lakini kanuni zilizozaliwa kutokana na kisa chake bado zinamuuliza mtu mmoja tu. Mchezaji akisimamishwa halipwi mshahara, na fedha hizo hubaki kwa klabu. Alex Rodriguez aliposimamishwa msimu mzima wa 2014 kwa sakata la kliniki ya Biogenesis ya Florida, New York Yankees walibakiwa na zaidi ya dola milioni 20 ambazo wangemlipa. Jhonny Peralta alisimamishwa mechi 50 katika sakata hilo hilo Agosti 2013. Novemba mwaka huo alisaini mkataba wa miaka minne wa dola milioni 53, na klabu iliyomsainisha ni St. Louis Cardinals. Ushindi ambao klabu ilipata kwa mikono ya mchezaji aliyekutwa na dawa haufutwi. Taji halirudishwi. Hakuna meneja mkuu aliyewahi kusimamishwa kwa kutouliza.